Kibali cha Bwana Lako

Jumatano, 2 Septemba 1987
Fomu ya chuo kikuu tena, nakala ya tatu. Mbili nimezichafua kwa wino. Bi Zuhura, tajiri wangu hapa dukani, anaomba kibali cha kuchapa nembo ya chuo kwenye leso, akina mama wa wahitimu wajifunge siku ya mahafali. Fomu ni ya Kiingereza na yeye hasomi Kiingereza. Nilimtafsiria mstari kwa mstari, naye akajibu huku akipima kitambaa. Bidhaa? "Leso, kwa doti." Nembo itakaa wapi? "Kati, kwenye mji wa leso." Jina? "Nimesoma kwa Jasho Lako." Nikaandika. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama kawaida yake. Nikawahi posta.

Jumatatu, 21 Septemba
Kibali kimefika. Karatasi nzito, muhuri, sahihi mbili. Bi Zuhura alikuwa ametoka, nikafungua peke yangu.
Kimetolewa kwa "Nimesoma kwa Jasho Lako, mfanyabiashara, Malindi". Barua iliyoambatana nacho inaanza: Mpendwa Bwana Lako.
Nilisoma mara nne. Katika leso, jina ni yale maneno ya chini, juu ya pindo. Miezi mitano dukani na sikio langu limeshazoea hivyo. Fomu ilikuwa ikiuliza jina la mwombaji.
Kiwanda cha Mombasa hakichapi nembo ya chuo bila kibali chenye jina la duka lililoagiza. Mwisho wa kupokea oda ni tarehe thelathini. Zamu ikitupita, mahafali yametupita.
Nimekificha chini ya taipureta.

Jumanne, 22 Septemba
"Kadzo mwanangu, barua haijaja?"
"Bado, Bi."
Nimesema uongo.

Alhamisi, 24 Septemba
Nilitoroka saa ya chakula, nikapiga simu chuoni kutoka posta. Mwanamume akapokea. Nilimweleza polepole, kwa adabu zote.
"Nani alijaza hii fomu?"
"Mimi."
"Na umesoma mpaka wapi?"
"Kidato cha sita."
Akacheka. Akamwita mwenzake aje asikie. "Mambo ya watu wa pwani! Hata jina linawashinda!" Kisha akasema hakuna kurekebisha. Tuombe upya, kamati itakaa Januari.
Nilirudi na hasira, si hofu tena. Nimekosea, ndiyo. Lakini fomu ile imepita kwa karani, ikapita kwa kamati, ikagongwa muhuri, wakatia sahihi watu wawili wenye digrii, wote wanaojua Kiswahili. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mama gani alimzaa mtoto akamwita Nimesoma. Mimi nilikosa nafasi ya kuingia chuo hicho kwa alama moja. Moja! Nikalia wiki nzima nikidhani ndani yake mna watu wanaosoma kabla ya kutia sahihi.

Ijumaa, 25 Septemba
Nimemwambia. Alikuwa akifungua duka baada ya swala. Nilimpa karatasi, nikamsomea, nikamweleza yote, na simu pia. Nikangoja nifukuzwe.
"Siku nne!" akasema. "Karatasi yangu waiatamia siku nne kama kuku! Waniogopa nini? Mimi nala watu?"
Kisha akataka nimsomee tena mwanzo wa barua.
"Bwana Lako? Wangu mimi yuko kaburini mwaka wa sita. Hilo bwana lako umelitoa wapi weye?"
Alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuweza. Nilipomweleza yule mtu alivyotucheka, kicheko chake kikakatika.
"Wao wamesema mwenye kibali ni nani?"
"Nimesoma kwa Jasho Lako."
"Basi Jumatatu twende Kilifi."

Jumatatu, 28 Septemba
Kilifi, ofisi ya leseni za biashara. Bi Zuhura alivaa buibui jipya. Karani akauliza jina jipya la duka, akaambiwa. Kalamu ikasimama.
"Mama, hilo si jina la leso?"
"Na la duka pia. Kuna sheria inayokataza?"
Akafungua daftari. Akaenda kumuuliza mkubwa wake. Akarudi. Hakuna.
Fomu nilijaza mimi. Kila mstari niliuliza mara mbili: jina la nani, Bi? La nini? Mpaka akanifinya.

Jumatano, 30 Septemba
Kiwanda kimekubali. Mbele yangu walilinganisha herufi kwa herufi, leseni na kibali. Sawasawa.
Nimewaandikia chuo kuwashukuru kwa kibali. Nimeweka sahihi: kwa niaba ya Bwana Lako. Bi Zuhura ndiye aliyetaka. Bado nina hasira nao. Sidhani zitaisha upesi.

Jumapili, 15 Novemba
Nyumbani, Ganda. Bi Zuhura amenipa doti moja kabla hazijaisha. Mama alikuwa akimenya mihogo. Akafuta mikono, akaigusa nembo, akauliza kama ndiyo ya shule yangu. Nikasema hapana.
"Na jina lasemaje?"
Nikamsomea. Akaomba nisome tena, safari hii kwa kidole, neno kwa neno, aone kila moja limekaa wapi.
Kisha akajifunga, akarudi kwenye mihogo yake. Nami nikachukua kisu cha pili.