Pipa la Kulaza Mafuta

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefika Mbamba Bay siku ya tisa baada ya wewe kuzikwa. Ruhusa niliipata mapema, ila boti ya kututoa kazini, kwenye jukwaa la gesi baharini, ilisubiri bahari itulie. Mama mdogo amenipeleka kaburini, kisha akanionyesha pipa lako. Limelala ubavu nyuma ya choo, kuku wanatagia humo.

Nimefungua shajara kusoma nilichoandika likizo yangu ya mwisho hapa kwako: "Leo nimemweleza Baba mdogo kuhusu kitenganishi. Ameshangaa sana."

Ulishangaa kweli. Miaka yote, dizeli iliyokuja karakanani kwako uliimimina pipani, ikakaa siku mbili maji yashuke chini, ndipo uitie kwenye injini ya mashua. "Mafuta yalale kwanza," ulisema. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, walikutania, "Fundi, umeyafunika blanketi?" Lakini walisubiri. Injini uliyoihudumia wewe haikuzimika ziwani.

Nami nikakusifia kitenganishi chetu, bomba fupi kuliko wewe. Gesi, mchanga na maji yenye mafuta kidogo vinaingia ubavuni, vinazungushwa kwa kasi. Vizito vinabanwa ukutani na kushuka, gesi inapanda katikati. Papo hapo, bila kungoja, maana jukwaani hakuna nafasi ya matangi makubwa. Nikacheka, "Baba mdogo, dunia imeacha kulaza mafuta."

Sikukwambia kwamba maji yakitoka kwenye bomba lile hupelekwa tangini, yatulie, mafuta yaliyobaki yaelee. Yanalazwa, Baba mdogo. Nilijua. Nilikuficha kwa sababu ukweli huo ungeharibu majigambo yangu.

Mama mdogo anasema uliliviringisha pipa nje wiki ileile niliyokucheka. Msimu huo injini mbili ulizozitia dizeli isiyolazwa zilizimika ziwani kwa maji, watu wakarudi kwa makasia. Wakahamia kwa fundi mwingine. Hukunitaja. Kwenye simu uliniuliza tu, "Mwanangu, lile bomba lenu bado linazunguka?" Nikajibu, linazunguka. Basi. Nikakata.

Leo nimewatoa kuku, nimelisugua pipa, nimelisimamisha mlangoni pa karakana, pale pale liliposimama zamani. Kesho nitashuka ufukweni wavuvi wakianika usipa, niwaambie aliyekosea ni mimi, si wewe. Watacheka. Wacheke.

Nawe lala sasa, Baba mdogo. Hakuna atakayekuharakisha tena.

Mwanao