Picha ya Mfereji Mkavu

Elsie, uko? Apondi ako hapa kwangu analia, hata chai amekataa.

Si unajua vile yeye huchungulia tovuti ya serikali, akiona kitu kimeandikwa kimekamilika, anaenda kukipiga picha anaweka kwa peji yetu ya Kaloleni. Juzi akapata imeandikwa mfereji wetu una maji. Maji gani? Akaposti ukiwa mkavu, akawatagi wakubwa, na ramani akaweka.

Wakajibu. Elsie, walijibu kabisa. "Asante, tunashughulikia." Apondi alishinda akiimba siku hiyo.

Leo lori lao likakuja. Mfereji hawakuugusa. Walibomoa kibanda cha Mama Mbinya hapo kando ya mfereji, ati kwa picha kinaonekana kiko kwa ardhi ya umma. Kibanda cha kuuza sukuma wiki, Elsie. Mfereji bado mkavu.

Apondi akaenda kumwomba msamaha, akampata akiokota nyanya kwa vumbi. Mama hakumgombeza. Alimuuliza tu, polepole, "Kwani kwa hiyo picha nilitoka vibaya? Si wewe uliniambia nisimame hapo nicheke?"