Chumba cha Arobaini na Moja

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Mimi sijambo. Goti la kushoto limegoma kupanda ngazi, kwa hiyo nimehamishia kitanda chumba cha chini. Kuanzia sasa ngazi ni za wageni na paka.

Nina habari, nami nitaieleza kwa utaratibu. Kampuni niliyoifanyia kazi kabla hujazaliwa imeniandikia. Mwezi wa Agosti wanautoa upya mchezo wao wa kompyuta wa Mwenye Taa. Unajua kwamba vyumba vyote arobaini vya ule mnara nilivichora mimi, kwa penseli, mraba kwa mraba, kabla ya mafundi kuviingiza kwenye mashine. Unajua pia kwamba mchezo ulipotoka, mwishoni palikuwa na jina la kampuni peke yake. Sasa wameamua kuandika majina ya watu wote kumi na watatu tulioufanya. Langu litakuwa la saba: Mchoraji wa Vyumba.

Miaka thelathini na miwili. Barua yao nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilikumbuka kuvaa miwani.

Usinipigie simu kunipongeza. Kwenye simu unazungumza kama mtu anayekimbizwa. Andika, na safari hii weka tarehe.

Shangazi yako


Tarehe 13 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti, na msalimie paka mwenye ngazi. Tarehe nimeiweka, unaiona hapo juu. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama.

Hongera, Shangazi. Niliisomea barua yako kazini nikatokwa na machozi, fundi mwenzangu akadhani nimefukuzwa.

Sasa nisikilize, na tafadhali kaa kwanza. Kwa miaka sita, kila nikitoka kazini, nimekuwa nikiutengeneza Mwenye Taa upya. Mashine za zamani zimekufa na hakuna anayeweza kuucheza tena. Nimeuandika wote mwenyewe, kwa kumbukumbu na kwa picha za wachezaji wa zamani, na rafiki yangu mmoja akapiga muziki. Mwezi wa Februari tuliuweka mtandaoni, bure. Watu elfu arobaini wameshauchukua. Nilitaka nikuoneshe siku yako ya kuzaliwa.

Juzi ikaja barua ya kampuni, kurasa tatu. Niuondoe mchezo ndani ya siku kumi na nne na nifute kila nakala, la sivyo wananishtaki kwa kuvunja hakimiliki yao. Hilo ningelimeza. Ukurasa wa tatu ndio uliokwama kooni. Wanauliza habari za chumba cha arobaini na moja.

Nilikiweka, Shangazi. Kitanda, dirisha, na ndoano ya kutundikia taa. Nilikuwa na miaka minane, mguu kwenye plasta, nimelala sebuleni kwako miezi mitatu. Ukanichorea kwenye daftari la miraba, ukanipa ushanga mwekundu uwe ndiye Mwenye Taa, ukaniambia hapa ndipo anapopumzika. Mimi miaka yote nilidhani chumba hicho kimo kwenye mchezo, kimefichwa juu ya vile arobaini, ila sikuwahi kufika. Kumbe hakijawahi kutoka nje ya ofisi yao. Wamefungua makabati ya zamani wakakuta mchoro wake: ndoano iko mraba wa saba kutoka kushoto. Kwangu pia iko mraba wa saba. Wanasema kuna mtu wa ndani aliyeiba. Tarehe 4 Mei wanataka nitie sahihi hati ya kiapo, niseme ni nani.

Nitaapa kwamba nimekibuni mwenyewe. Nimekueleza ili usije ukashtuka, si ili unikataze.

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko vilevile, tusilizungumzie.

Ulipokuwa na miaka minane uliniuliza mara tatu kwa siku kama umekaribia kufika juu ya mnara. Sasa una miaka thelathini, na katika miaka sita hukuniuliza hata mara moja. Ungeniuliza, ningekukataza. Nadhani ndiyo sababu.

Uondoe mchezo huo leo. Najua utakalosema: hukuuza, wao waliutupa, wewe umeufufua. Yote ni kweli, na wala sikatai kwamba inauma. Lakini mimi niliyevichora vile vyumba, si vyangu. Nilitia sahihi vikawa vyao, nikapokea mshahara. Kama sheria ni mbaya, kapige kelele ibadilishwe, nami nitakuja kushika bango, goti likiruhusu. Kujichukulia ni jambo jingine.

Ama kuhusu chumba. Nilitia sahihi karatasi ya pili, kwamba sitamwonesha mtu kazi yoyote ambayo haijatolewa. Mkubwa wetu ndiye aliyekikata. Alisema mtu akishashinda hataki kutazama mwenzake amelala. Niligombana naye nikashindwa. Kisha wewe ukavunjika mguu, ukawa unalia ukiniuliza juu ya mnara kuna nini, nikakichora tena. Nilijua ninavunja ahadi yangu. Sikughafilika wala sikusahau.

Hutaapa uongo kwa ajili yangu. Taja jina langu.

Shangazi yako


Tarehe 25 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimeuondoa. Nimefuta nakala ya nyumbani, ya kazini, na ile ya rafiki yangu wa muziki, yeye akiwa amenipa mgongo asione. Watu wanaandika kuuliza umekwenda wapi. Mmoja alikuwa akiucheza na mama yake mgonjwa, wamefika chumba cha thelathini na nane. Sijui nimjibu nini.

Lakini jina lako sitalitaja. Nilimpigia simu mwanasheria wao, nikamuuliza, kwa mfano tu, huyo mtu wa ndani akipatikana atafanywa nini. Akasema, "Kama ni mmoja wa wale kumi na watatu, atatoka kwenye orodha. Hatuwezi kumwandika kwa heshima mtu aliyetuvunjia siri." Hakujua anayemzungumzia ana barua yao chini ya mto. Usikatae, najua iko chini ya mto.

Nikigundulika nimeapa uongo, ni jela. Najua. Watanigunduaje? Daftari lilipotea tulipohama, wewe mwenyewe ulisema. Tarehe 4 Mei, saa tatu asubuhi, natia sahihi. Usijibu. Barua yako haitawahi.

Mwanao


Tarehe 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Ulisema lilipotea.

Nilifika saa tatu kasoro. Chumba kirefu, meza ya kioo, viti vinavyozunguka vyenyewe ukivigusa. Mwanasheria, mama mmoja mnene mwenye kalamu mbili kwenye nywele, akanipa hati. Nikaisoma: "Chumba hicho nimekibuni mwenyewe bila kuona mchoro wowote." Nikashika kalamu. Nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akasema, "Subiri kidogo, binti." Akafungua droo, akatoa daftari la miraba lenye jalada la kijani na alama ya kikombe cha chai. Nililijua kabla hajalifungua. Kile kikombe ni mimi niliyekimwaga.

Akaniuliza, "Bado unataka kuapa?"

Nikaiweka kalamu mezani. Akaichukua hati akaikunja mara mbili. "Aliyelileta alikaa kwenye ngazi zetu tangu kabla ya mlango kufunguliwa," akasema. "Alinikataza kukuambia mpaka ushike kalamu. Alisema anataka nione kama utaandika. Nikamwambia mimi sitaki kuona. Nina binti wa umri wako." Kisha akasema kesi imekwisha, mradi nisiurudishe tena mchezo mtandaoni.

Nilimuuliza kuhusu orodha. Akaangalia dirishani.

Kwa nini hukuniacha? Lilikuwa jina lako.

Mwanao


Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini umetulia na unakula. Mimi goti limevimba, kwa sababu ngazi za ofisi yao ni kumi na nane na nilizipanda zote. Dawa ninayo.

Kwanza, lile daftari. Nilikwambia limepotea ulipokuwa na miaka kumi na miwili na ukataka kulipeleka shuleni ukawaoneshe wenzako. Huo ulikuwa uongo wangu, na ndio uliokupa ujasiri wa kutaka kuapa. Kwa hiyo usinishukuru wala usinilaumu. Nilikwenda kuondoa jiwe nililoliweka mwenyewe njiani.

Yule mwanasheria aliniuliza, "Mama, unajua utakachopoteza?"

Nikamwambia, "Nasoma bila shida. Barua yenu ninayo."

"Basi kaa kimya, urudi nyumbani. Msichana ataapa, sisi tutafunga jalada."

"Nawe utalala?"

Akaniletea maji. Si mtu mbaya. Alipiga simu mbili mbele yangu akijaribu kulinusuru jina, akarudi ameinamisha kichwa. Nikamwambia waliondoe, na waliondoe kwa utaratibu.

Nilijua ungeshika kalamu. Hata hivyo niliomba Mungu usiishike, ukatae mwenyewe kabla hujaliona daftari. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa na hofu kubwa kuliko siku niliyokupeleka ukakatwe ile plasta, nawe ukapiga kelele mpaka daktari akatoka nje.

Daftari wamebaki nalo. Ni haki yao, nililichukua kwenye kabati lao. Ila ndani yake palikuwa na kitu kisicho chao, kilichokatika kwenye mkufu wangu mwenyewe, nami nilikitoa kabla sijawakabidhi. Utakikuta kwenye kona ya bahasha. Fungua taratibu.

Mchezo wao ukitoka, usiununue kwa hasira. Ukiununua, iwe ni kwa sababu unataka kupanda.

Shangazi yako


Tarehe 30 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti? Nakuja mwisho wa mwezi ujao, nitakaa wiki nzima, kwa hiyo paka aniachie nafasi.

Nimeununua. Si kwa hasira, ingawa ilinichukua siku tisa kuhakikisha. Jana nilipanda tangu asubuhi. Vyumba vyako vyote vimo. Wamevipaka rangi nyingi mno, lakini mistari ni ile ile, nilikuwa nakata kona nikiwa nimefumba macho. Chumba cha arobaini kilipofunguka, Mwenye Taa akasimama kwenye paa la mnara na taa yake mkononi, tarumbeta zikalia, basi. Hakuna kitanda. Amesimama tu, maskini, hana pa kuitundika.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Nilikuwa nimeapa sitayatazama, nikayatazama. Mkubwa wenu ndiye wa kwanza. Nikahesabu hadi la sita. Kisha ukapita mstari mtupu, mweusi. Kisha yakafuata mengine sita.

Nilidhani macho yangu yamekosea, nikaurudia mchezo kutoka chumba cha arobaini. Ni kweli, Shangazi. Wamelifuta jina wakasahau kuziba nafasi yake. Nimewaonesha watu wawili kazini bila kuwaambia lolote, na wote wameniuliza, "Hapa palikuwa na nani?"

Mara ya tatu niliusimamisha pale pale. Nikatoa ushanga kwenye bahasha yako, nikaushika kwa ncha ya kidole juu ya kioo, kwenye mstari wa saba, mpaka mkono ukachoka.

Mwanao