Makasri Unayoyaona Dirishani

Neema, mjukuu wangu unayeniita Koko,

Salamu kutoka hapa mtaani Yeoville. Mama yako amepona, ameanza tena kusuka wateja nywele.

Unauliza kama umwombe nahodha ruhusa ushuke, maana unapikia watalii kwenye boti huko Ufaransa na makasri unayaona dirishani tu.

Ujanani nami nilipika kwenye boti ya mto Lualaba, kule Kongo. Siku moja, tulipofika Lowa, nilimwambia nahodha, "Nashuka kuuona mji."

"Hatutakungoja," akanijibu.

Nikashuka. Nilitembea mpaka sokoni, nikacheka na watu nisiowajua. Niliporudi, boti ilikuwa imeondoka. Nililia, kisha nikadandia lori, na tangu siku hiyo miguu yangu haijatulia, hata huku Johannesburg.

Omba ruhusa, mama. Akikataa, usifuate mfano wangu, kwa sababu mimi hata leo ningeshuka tu.

Koko wako