Mama Ananiuliza Mimi Nani

Mpendwa Bi Rahila,

Nakuandikia kwa kuwa sina wa kumwambia, naomba msaada wako, maana mama yangu mzazi, nnayeishi naye hapa Matrah, Maskati, tangu tulipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, akili yake inakwenda na hairudi, alianza kwa kusahau alipoweka buibui, sasa kanisahau mimi, kila asubuhi ananiuliza mimi nani, na Kiarabu alichokuwa nacho kimempotea chote, kimebaki Kiswahili, na mtaa huu Kiswahili tunacho mimi na yeye tu, mume wangu Thani ni mtu wa hapa, basi kutwa nasemeshwa na mtu asiyenijua.

Kwetu Malindi, Unguja, mama alikuwa mpambaji, hapana bibi harusi aliyetoka bila ya mkono wa Bi Nasriya, sasa juzi nlikuwa jikoni akatoka, nikamkuta kwa jirani yetu Bakhita, wanawake wanampamba bintiye, mama kakaa kati yao kashika hina, anamchora yule binti huku akiimba, kachora juu ya alichokwisha kuchora mpaka kiganja chote kimekuwa doa moja, na wao wanacheka, mimi nikaona aibu nikamvuta, akalia kama mtoto, "Niache, bibi wee, bwana harusi keshafika!" Thani akasema mlango wa chumba chake utiwe kufuli, tangu hapo nnamfungia, naye anakwangua ukuta kwa kucha, hataki kula, nami nipo upande wa pili wa mlango nalia, niambie, Bi Rahila, nnamhifadhi au nnamuua?

Mahfoudha

*

Mwanangu Mahfoudha,

Pole, tena pole sana. Kumpoteza mzazi ambaye bado mnakula naye sahani moja ni msiba usio na matanga. Hapana anayekuja kukupa mkono. Hilo nimelielewa. Lakini kufuli, hapana. Litoe leo.

Wale waliocheka walimfukuza? Hukuandika hivyo. Yule binti aliuondoa mkono wake? Hukuandika. Aliyeona aibu ni wewe peke yako. Mama yako siku ile alikuwa na kazi, na watu, na wimbo, ukaja ukamrejesha kwenye ukuta.

Sasa sikiliza. Akili ikipotea, mikono haipotei nayo papo hapo. Koroga hina, kaa chini, mpe mkono wako akuchore. Akiharibu usimkosoe, hina hufifia. Siku asiyotaka hina, mwekee sinia la mchele achague, hata kama ushachaguliwa. Mpe kanga akunje; akimaliza, zikunjue kando apate za kukunja tena. Wala usimtahini, leo siku gani, huyu nani. Swali asilolijua linamtisha.

Kisha nenda kwa Bakhita umtake radhi, umweleze ugonjwa wa mama, umwombe ampokee alasiri. Nawe kaa hapo hapo, unywe kahawa yao; naona umejifungia pamoja na mama. Thani mwambie majirani wote wajulishwe, wakimwona bibi njiani wamshike mkono wamlete.

Na akikuuliza tena wewe nani, usilie mbele yake wala usibishane. Mwambie, "Naitwa Mahfoudha." Huenda akakujibu, "Na mimi nna binti wa jina hilo." Basi msogelee, umwambie, "Nihadithie habari zake."