Saratani Imerudi, na Mume Wangu Amehamia Stoo ya Nyavu

Shangazi Nyarangi mpendwa, nisikize hadi mwisho ndipo unigombeze, kwa maana haya sijamwambia mtu, hata dada yangu wa tumbo moja, na yamenijaa hadi kooni. Mimi nauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Muhuru Bay na mume wangu Javan ni mvuvi, alipatikana na saratani ya tezi dume, wakampasua wakaitoa, tukamshukuru Mungu, akarudi akiwa hai lakini mambo ya kitandani yakakataa, nami sikulalamika hata siku moja kwa sababu niliyeolewa naye ni Javan na Javan alikuwa hapo.

Baadaye tukaanza kujenga boma letu wenyewe, tutoke kwa baba mkwe, maana kijana wetu Frankline ameshakuwa mtu mzima na kwetu Wajaluo kijana hajengi kama baba yake hana boma lake. Tulikuwa bado tunanunua mabati daktari aliposema kipimo cha damu kimeanza kupanda kidogo, tuendelee kukiangalia, nasi tukaendelea kujenga. Usiku wa kwanza wa boma jipya mila inataka mume na mke wakutane kimwili ndipo boma lifunguke, na Shangazi, hatukuweza. Javan aligeukia ukuta akalia bila sauti, nami nikamshika bega nikakosa la kusema. Asubuhi tukatoka tukitabasamu, watu wakala, wakatupongeza, hakuna aliyejua.

Kutoka siku hiyo akahamishia godoro stoo ya nyavu. Zamani alikuwa akiniita Nyar Ogwedhi, binti wa Ogwedhi, kwa sababu ndiko kwetu, kule kwenye soko la ng'ombe, na alivyolitamka ungedhani ni mimi peke yangu niliyezaliwa huko. Siku hizi ni "Mama Frank, maji ya kuoga iko wapi?" Lakini akileta samaki mbuta, kichwa bado ananiwekea mimi kwa sababu anajua nakipenda, anakifunika na sahani anaenda zake bila neno. Namtamani mume wangu, Shangazi, naona haya mama wa umri wangu kuandika hivi, namtamani hata mgongo wake tu, hata kule kukoroma kulikokuwa kunanikera.

Sasa picha zimeonyesha saratani imerudi, imekaa kwenye tezi mbili za limfu ndani ya nyonga, na daktari akasema zinaweza kutolewa kwa upasuaji, haahidi kwamba itaisha kabisa, lakini tuamue mapema kabla haijasambaa. Javan alingoja hadi tukafika nyumbani.

"Hii si ya hospitali," akaniambia. "Hii ni chira. Wewe unajua yenye ilitendeka kwa hii nyumba. Wakate, wasikate, itarudi tu."

Chira, kwa wasiojua, ni ule ugonjwa wa kukondesha unaomwandama aliyevunja mwiko. Nikamwambia, "Baba Frank, si twende tu tujaribu?" Akachukua nyavu zake akatoka.

Nimweleze Frankline na baba zake wadogo siri ya usiku ule ili wamlazimishe aende, au ninyamaze nimtazame akiisha? Nikisema, namvua nguo mbele ya watoto wake. Nisiposema, namzika.

Mama Frank

MAJIBU

Mama Frank, majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha, kwa hivyo pumua. Pole sana. Na usione haya kumtamani mume wako. Haya waone wanaotamani waume wa wenzao.

Sasa nikugombeze. Mzee analia kando yako, wewe unamshika bega na kunyamaza, ukidhani kunyamaza ni huruma? Yeye alisikia hukumu. Tangu hapo mnafichana, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi ni Mkisii niliyeolewa Oyugis kwa Wajaluo. Chira naijua, mama mkwe alinifundisha kwa makelele, na sitaicheka. Lakini hebu soma barua yako tena. Umeandika kwa mkono wako kwamba kipimo cha damu kilianza kupanda mkiwa bado mnanunua mabati. Boma halikuwa hata na paa! Huo usiku wenyewe haukuwa umefika. Tangu lini chira ikamtangulia mwenye kosa njiani? Saratani ilikuwa imebaki mwilini kidogo kidogo, na ingerudi hata kama usiku ule mngefaulu mara kumi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Frankline usimwambie. Mambo ya kitandani hayapelekwi kwa mwana. Kama moyo wa Javan bado unamsuta, amchague mwenyewe mzee mmoja anayemwamini, amweleze. Akipewa manyasi, ile dawa ya miti ya kujitakasa, asinywe kabla daktari hajajua, na tarehe ya hospitali isingoje sherehe yoyote.

Hospitali mwende wote wawili. Mimi si daktari, siwezi kukuambia kisu ndiyo dawa. Muulizeni kama tezi hizo mbili ndizo peke yake, kama mionzi au sindano za homoni zingemfaa zaidi, kama miguu huvimba baada ya upasuaji huo, na ikirudi tena mtafanya nini. Lile jambo lenu muulizeni pia, bila kuangalia sakafu, maana lina matibabu yake, na nashuku Javan anaogopa kisu cha pili kitamnyang'anya kidogo kilichobaki. Akielewa yote kisha akatae, ni haki yake, na utamheshimu. Lakini asikatae kwa ajili ya chira iliyofika kabla ya mabati.

Na mwanamume anayekufunikia kichwa cha mbuta kwa sahani hajakuacha, mama. Ameona aibu tu, na amekosa njia ya kurudi. Leo akikifunika, usikile peke yako. Songa ugali, ubebe vyote hadi stoo, mkae kwenye godoro hilo mle sahani moja, halafu umkumbushe habari ya mabati. Mkimaliza kula, usirudi nyumba kubwa. Lala hapo hapo kwenye nyavu, umshike mgongo unaoutamani. Na mto wako uende nao kabisa, usije ukapata kisingizio cha kurudi kuuchukua.