Pikipiki Iliyozikwa Gurei

Jumamosi, 3 Februari 2024
Nimepata ya nne! Huko Gurei, pembeni mwa Juba, kwa Mama Juliet, yule mjane tunayesali naye. Pikipiki ya jeshi la Waingereza, ya wakati wa vita vya Hitler. Baba yake aliinunua vita vilipokwisha. Vita vyetu vilipofika, familia ikaizika uani — mabati juu, udongo juu ya mabati — wakakimbilia Uganda. Waliporudi wakaifukua. Sasa kuku wanalala juu yake.
Mtu mzima, mwalimu wa jiografia, natabasamu mbele ya kutu na mavi ya kuku! Mama Juliet akauliza kama nitaiponya. Nikajibu naam, bila kupepesa macho. Zile tatu za nyumbani hazijawahi hata kukohoa.

Jumapili, 4 Februari
Mke wangu Natalina huanika nguo kwenye usukani wa ile ya kwanza. Ya pili kaifanya meza ya vyombo. Alipoona ya nne inashushwa kutoka kwenye raksha ya magurudumu matatu, hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu kama hizi zimeanza kuzaana.

Jumanne, 6 Februari
Ojok, fundi wa boda hapa stejini Munuki, kaja kuiangalia. Ni mtu wa Gulu, Uganda. “Mwalimu, hii iko mzima ndani. Ile ingine tatu iko maiti, zika.”
Maiti! Nikampa michoro ya injini niliyochapisha kutoka mtandaoni ajifunze. Akaitumia kufutia grisi mikononi.

Ijumaa, 9 Februari
Duku, mtoto wa kiume wa Mama Juliet, kaja na hasira zake. Anasema mtaa mzima unamcheka mama yake kwa ajili ya chuma. Tarehe 24 lori la vyuma chakavu linapita. Isiponguruma siku hiyo, anaitupia humo, kalas.
“Itanguruma!” nikasema. Sauti ilipanda kama ya jogoo anayejifunza kuwika.

Jumatano, 14 Februari
Nimekwenda Gurei kumwomba Mama Juliet amtulize Duku. Hakumzungumzia Duku kabisa. Alisema baba yake alikuwa akiwapakia kaka zake kwenye pikipiki hii kwa zamu kila Jumapili, mpaka mtoni na kurudi. Yeye msichana kazi yake ilikuwa kuosha magurudumu. Aliomba mara moja tu. Baba akacheka. “Basi sikuomba tena, Mwalimu. Lakini nikayaosha vizuri.”
Nimerudi kwa miguu. Sasa si mchezo tena, na mimi ndiye fundi — masikini Mama Juliet!

Jumatatu, 19 Februari
Jana jioni mimi na Ojok tulivua breki ya nyuma tuisafishe, kisha nikachuja petroli kwa chujio la chai. Nikalisuuza, nikalirudisha mahali pake. Nilidhani nimesuuza vya kutosha. Asubuhi chai ilinuka kama stejini. Natalina aliinywa yote, taratibu, akinitazama.

Ijumaa, 23 Februari
Kesho lori. Nikapiga kiki — kiki ikanipiga mimi. Nimelala chini kwenye vumbi, Ojok anacheka mpaka anashika ukuta. Yeye akaapa ni kabureta. Tukaifungua yote. Haikuwa kabureta. Mimi nikaapa ni plagi. Haikuwa plagi. Tukaanza kutukanana, kila mtu kwa lugha ya mama yake.
Natalina akatoka jikoni akauliza kale kabomba chini ya tangi ni ka nini, na mbona kamefungwa.
Ojok akaangalia mbingu. Mimi nikaangalia viatu.
Tukakafungua, petroli ikashuka. Kiki ya pili — ikanguruma! Kuku wa jirani walipanda ukuta. Nililia, naandika wazi. Natalina aliweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale muda mrefu.

Jumamosi, 24 Februari
Wamekuja, Mama Juliet kwa gauni la kanisani, Duku kwa uso wa mazishi. Ojok akaiwasha. Nikafuta kiti cha nyuma kwa shati langu, nikamkaribisha mama.
Akaja mbele. “Sogea, Mwalimu.”
Kumbe kule Adjumani, Uganda, alikuwa mkunga! Miaka yote ya ukimbizi aliendesha pikipiki ya zahanati kwenda kuzalisha. “Baba alininyima ya kwake tu,” akasema, akajifunga kanga kiunoni. Halafu: “Nani anapanda nyuma?”
Wote wakanitazama. Nikaikagua ardhi kwa makini. Ukweli ni kwamba sijawahi kuendesha pikipiki barabarani. Hata kwenye boda hufumba macho. Natalina akanipa mwiko, akakusanya gauni, akapanda. Wakaondoka kuelekea Buluk, Mama Juliet amenyooka kama askari.
Muda umepita. Asida yangu, huu ugali wetu, ina mabonge. Lori la chakavu limepita, Duku hakulisimamisha. Ojok kaenda kuwatafuta, karudi: kawaona Buluk, hawakusimama, Natalina kainua mikono yote miwili hewani, anaimba.
Duku anauliza kama breki ya nyuma tuliwahi kuirudisha.
Anauliza tena. Najifanya naandika.